Niliwaambia Mama Yake Yuko Kazini

Kwa waliokosa gazeti la wiki jana, aibu yangu kwa ufupi ni hii: nina mtoto mmoja, nimemzaa mwenyewe, na kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa sita mchana ninamkana.

Jina langu Qiaoyun. Mume wangu ananiita Yun. Mimi ni wa Hunan, lakini mwaka wa tisa huu naishi Scarborough, mashariki ya jiji la Toronto, na kazi yangu ni kukanda unga wa maandazi ya mvuke nyuma ya supamaketi. Mume wangu Lennox ni fundi wa mitambo ya kupasha nyumba joto. Wazazi wake walihamia hapa kutoka Jamaika.

Mtoto wetu ana miaka saba. Kwenye cheti cha kuzaliwa ni Corinne. Nyumbani ni Nuonuo, jina la ule mchele wa kunata, kwa sababu alipokuwa mchanga alikuwa habanduki kifuani mwangu.

Amechukua rangi ya baba yake na nywele za baba yake. Macho ni yangu, ukitazama vizuri. Watu hawatazami vizuri.

Siku ya kwanza nilipompeleka shule ya Kichina ya Jumamosi, akina mama walikuwa wamejaa kwenye korido, kila mmoja na chupa yake ya chai. Walikuwa wamemzunguka mtoto mmoja ambaye baba yake ni Mzungu. "Watoto wa mchanganyiko jamani! Tazama pua! Tazama kope!" Wakamfinya mashavu mpaka akakimbia.

Kisha wakaniona mimi na wangu. Hakuna aliyesema pua wala kope. Kukawa kimya.

Mama Haoran, mwenyekiti wa kamati ya wazazi, ndiye aliyeniokoa na kile kimya. Akanitazama mimi, akamtazama mtoto, akatabasamu.

"Unamlelea nani huyu?"

Jibu lilikuwa neno moja tu: wangu. Mtoto wa mwaka mmoja analijua neno hilo, tena analisema kwa kupiga kelele. Mimi, mwanamke mzima, nikasema, "Wa familia moja hivi. Mama yake yuko kazini."

Siku ile ile, ndani ya basi, nikamwambia Nuonuo tuna mchezo mpya. Tukivuka mlango wa shule ya Jumamosi, mimi ni Anti Yun. Tukitoka, ni Mama. Akapiga makofi. Watoto wanapenda michezo.

Hayo mliyasoma. Ya leo ndiyo yanayonikosesha usingizi.

* * *

Ilikuwa mwezi wa nne, theluji ya mwisho imeyeyuka, viatu vinajaa matope. Mwalimu Pei, mwalimu wa darasa, akaniita pembeni baada ya masomo. Ni mama wa makamo, mpole, hawezi kumaliza sentensi bila kucheka kidogo.

"Anti Yun, Jumamosi moja kabla ya Siku ya Akina Mama tutafanya sherehe ya chai. Mama anakaa kwenye kiti, mtoto anapiga magoti mbele yake, anampa kikombe kwa mikono miwili na kumshukuru. Watoto wetu wa huku hawajui hata kumwambia mzazi asante, si ndiyo? Hihi."

"Ni jambo zuri sana, Mwalimu."

"Nataka Nuonuo aongoze."

"Nuonuo?"

"Nani mwingine? Matamshi yake ni safi kuliko ya hao waliozaliwa na baba Mchina na mama Mchina. Ila mama yake lazima aje. Mwaka mzima sijamwona! Mwambie aombe ruhusa kazini."

Mama Haoran alikuwa anapita na boksi la vikombe. Masikio yake hayapitwi.

"Huyo mama anajua bahati aliyoipata?" akasema. "Umemfundisha mtoto wa watu kama wako wa kumzaa! Haoran wangu ana bibi Mchina, babu Mchina, mpaka samaki wa kwenye tangi Wachina. Ukimwambia 'kula', anakujibu Kiingereza."

Mwalimu Pei akacheka. Nikacheka na mimi.

"Nisikilize, dada," Mama Haoran akanishika mkono. "Waache hao watu, njoo kwangu. Chumba kipo. Pilipili za kwenu Hunan nitakununulia mwenyewe. Unilelee Haoran vile ulivyomlea huyu."

Mnajua nilijibu nini?

Nilijibu, "Nitafikiria."

Naombwa nimwache mwanangu nikalee wa mwingine, na ninasema nitafikiria! Nuonuo alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu, anafunga zipu ya koti lake.

* * *

Nyumbani tulianza mazoezi usiku ule ule, mezani jikoni, kwa maji ya uvuguvugu ili asijiunguze.

"Magoti pamoja," nikamwambia. "Mikono miwili. Kikombe kisivuke kidevu. Usinitazame kwanza, tazama kikombe."

Akapiga magoti kwenye vigae. Akasema kwa Kichina, taratibu, kama anatembea juu ya yai: "Mama, tafadhali kunywa chai. Asante kwa kunizaa na kunilea."

Nikapokea. Nikanywa.

"Mama, nimekosea?"

"Hujakosea."

"Mbona unalia?"

"Maji ya moto."

"Lakini ni ya uvuguvugu," akasema, kwa sababu mtoto wangu hapendi uongo.

Nataka mnielewe, ingawa sistahili. Sikuwa mama mvivu. Nuonuo alipotimiza mwezi, nilichemsha mayai nikayapaka rangi nyekundu kama desturi ya kwetu, nikayagawa kwa majirani wote wa ghorofa letu, hata wale wasionisalimia. Nimemwimbia nyimbo ambazo bibi yangu aliniimbia. Hatukuwa na karatasi za kutosha za kuandikia kwa brashi, nikamfundisha kuandika kwa maji sakafuni, anaandika, linakauka, anaandika tena. Nilitaka siku akifika kwa watu wangu, asiwe mgeni.

Akafika kwa watu wangu. Aliyemfungia mlango ni mimi.

Na kuna jambo jingine, niliseme hapa hapa ili nimalizane nalo. Jumanne na Alhamisi jioni nasoma ualimu wa watoto wadogo. Nina matumaini siku moja nitakuwa na darasa langu mwenyewe. Mwezi ule tulipewa insha: mtoto anajuaje yeye ni wa nani? Niliandika kurasa nne. Mwalimu aliisoma mbele ya darasa zima kama mfano. Walinipigia makofi. Nilikwenda chooni nikakaa mpaka kipindi kikaisha.

Nikaapa. Jumamosi ijayo ninasema ukweli, liwalo na liwe.

* * *

Ndani ya basi nilikariri kama mtoto wa shule. "Mwalimu, mimi ndiye mama yake. Nisamehe. Mwalimu, mimi ndiye mama yake. Nisamehe." Mzee aliyekaa kando yangu alihama kiti.

Nikamkuta Mwalimu Pei peke yake, anafuta ubao. Bahati gani hiyo.

"Mwalimu, kuhusu mama yake Nuonuo..."

"Ndiyo! Kakubali?"

"Mwalimu, mama yake..."

Mlango ukafunguliwa. Mama Haoran na akina mama wengine wawili, wamebeba mito ya kupigia magoti. Wakasimama kusikiliza. Watu wanne, macho manane.

Maneno niliyokariri yalikuwa pale pale ulimini. Nilikuwa nayasikia. Lakini kilichotoka ni kile kilichozoea kutoka.

"Hawezi kuja. Yuko kazini."

"Ai!" Mama Haoran akaguna. "Hata siku moja kwa mwaka? Mama gani huyo?"

"Usimhukumu," akasema Mwalimu Pei. "Maisha ya huku magumu." Akanitazama, uso ukamwangaza. "Basi kaa wewe kwenye kiti. Kwani nani anamlea? Anti anapokea kwa niaba ya mama. Mtoto asiachwe peke yake."

Mnaona mambo yangu? Kiti changu mwenyewe, nimepewa kwa kukaimu. Na nilifurahi! Nilishukuru nusura niiname. Nikajiambia: nitakaa, nitakunywa chai ya mwanangu, hakuna atakayejua, kila mtu ameridhika. Mwongo hata akipewa makombo ya haki yake anaona kashinda.

Tukapanda basi la kurudi. Vituo vitatu vikapita.

"Haoran anasema mimi sina mama," Nuonuo akasema.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia ninaye, lakini ni siri."

Nikamkumbatia. Nikamwambia, "Hodari wangu." Ndiyo, nilimsifu.

"Akasema kama ninaye, basi ni mweusi kama mimi. Akasema wote wanamngoja kumwona."

"Haoran ni mtoto tu, usimsikilize."

"Lakini wanamngoja kweli?"

"Hawamngoji tena. Mwalimu amesema mimi nitakaa kwenye kiti."

"Kama Mama?"

Basi lilikuwa limejaa. Wachina wenzangu wawili walikuwa viti vya mbele na mifuko yao ya mboga. Nikashusha sauti.

"Kama Anti."

Akageukia dirishani. Aliandika kitu kwenye ukungu wa kioo kwa kidole, akakifuta kwa mkono wa koti kabla sijakisoma.

* * *

Usiku wa kuamkia sherehe, Lennox alirudi na mafuta meusi mpaka kwenye viwiko. Nilikuwa nimempikia mkia wa ng'ombe kwa namna ya mama yake, na pembeni uji wa mchele kwa namna ya mama yangu. Nyumba yetu ndivyo inavyokula.

"Kwa hiyo kesho mke wangu anapigiwa magoti," akasema. "Malkia! Mimi sialikwi?"

"Ni ya akina mama tu."

"Nitakuja nijifunge kitambaa. Nijiite Mama Lennox."

Nuonuo akacheka mpaka uji ukamtoka puani. Mimi nikainuka kuosha masufuria ambayo yalikuwa safi.

Lennox akanifuata, akaniegemezea kidevu begani. "Unajua dada yangu Marva kasemaje juzi? Kasema, 'Huyo mkeo Mungu amemleta. Watoto wa ndugu zetu wangapi wamepoteza lugha za mababu zao, wa kwako anazo kwa pande mbili.'"

"Marva anazidisha."

"Marva hajawahi kumsifu mtu tangu azaliwe. Zipokee sifa zake."

Mtu akikusifu kwa kitu ulichokwisha kukitupa, unamwambia nini?

* * *

Jumamosi. Ukumbi wa michezo, viti ishirini na viwili mstari mmoja chini ya pete za mpira wa kikapu. Mbele ya kila kiti, mto mwekundu. Akina baba na akina bibi wamesimama ukutani na simu zao juu. Chai ya jasmini inanukia mpaka kwenye korido.

Kiti cha kwanza, cha kiongozi, kilikuwa na karatasi: Mama Nuonuo. Nikakaa. Nilikuwa nimevaa ile nguo ya kijani niliyoivaa siku ya ndoa yangu. Nilikuwa na haki ya kukaa pale kuliko mtu yeyote chini ya mbingu, na nilikaa ukingoni kama niliyeazima.

Mlango wa nyuma ukafunguliwa.

Akaingia Marva.

Wifi yangu Marva ni dereva wa basi la jiji. Mrefu, kifua mbele, koti la kazi bado mwilini, na sauti yake haijui maana ya kunong'ona.

"Nimefika? Nimechelewa? Wifi! Uko huko?"

Nikasimama, nikamwendea.

"Marva... umejuaje?"

"Nimejuaje!" Muziki wa spika ulimmeza, nikamsikia mimi tu. "Si Corinne kanipigia kwa simu ya baba yake? 'Shangazi, Jumamosi njoo unywe chai yangu. Njoo kweli, usipokuja nitalia.' Nikamwomba mwenzangu abadilishane zamu na mimi. Mtoto akikualika hivyo utakataa?"

Nikamtafuta Nuonuo kwa macho. Alikuwa kwenye mstari wa watoto, kikombe mikononi. Alikuwa anamtazama Marva, kisha Mama Haoran, kisha mimi. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyebeba kitu kizito kwa ajili ya mwenzake na amefika nacho salama.

Hapo nikaelewa. Walikuwa wanamngoja mama mweusi. Akawatafutia.

Amefanya hivyo kwa ajili yangu, ili mchezo wangu usiharibike.

"Amekuja!" Mama Haoran alikuwa ameshafika, mikono yote miwili mbele. Akageuka akawaambia wenzake kwa Kichina, "Mama yake Nuonuo amekuja! Ameomba ruhusa!" Kisha akamwambia Marva kwa Kiingereza chake cha haraka, "Karibu, karibu! Kaa! Hapa, kaa hapa!"

Akina mama wakapiga makofi. Mwalimu Pei akafuta jicho.

Marva akatazama kiti, akanitazama. "Wifi, si ulikuwa umekaa wewe?"

Sasa nisikilizeni. Muda ulikuwepo. Sitawadanganya kwamba mambo yalikwenda mbio. Palikuwa na nafasi ya mtu kuvuta pumzi mara mbili, na mbele yangu palikuwa na sentensi moja fupi, kwa lugha yoyote ninayoijua. Marva mwenyewe alikuwa ameniulizia, kazi ilikuwa kujibu.

"Kaa tu," nikamwambia. "Mimi napiga picha."

Nikampisha.

Nikatoa simu, nikarudi nyuma mpaka mgongo ukagota ukutani, kati ya bibi mmoja na ndoo ya mipira. Bibi yule akanipigapiga mkono. "Wewe ndiye mlezi? Umemlea vizuri. Tazama kalivyosimama wima!"

"Asante, bibi," nikasema.

* * *

Mwalimu Pei akashika kipaza sauti. Muziki ukapunguzwa. Watoto ishirini na mmoja wakangoja, Nuonuo akatoka mbele peke yake.

Alitembea hatua ndogo ndogo. Hakumwaga hata tone. Akafika mbele ya kile kiti, magoti pamoja, mikono miwili, kikombe hakikuvuka kidevu. Hakumtazama aliyekaa; alitazama kikombe, kama nilivyomfundisha.

"Mama, tafadhali kunywa chai. Asante kwa kunizaa na kunilea."

Ukumbi mzima ulisikia. Bibi aliyekuwa kando yangu alivuta pumzi. Mtu akasema kwa Kichina, "Sikiliza matamshi hayo!" Na mimi nilikuwa ninapiga video.

Marva akapokea kikombe kwa mikono yake mikubwa, machozi yanamlengalenga, hajui anachoambiwa.

"Asante, mpenzi wangu. Asante sana." Akakiinua, kisha akasita. Akacheka. "Lakini ngoja. Sentensi ndefu yote hiyo nipewe bure nisijue maana? Wifi! Uko wapi? Kasemaje huyu?"

Watu wakacheka naye. Alikuwa amewapendeza tayari.

Mwalimu Pei akanielekea na kipaza sauti chake, anatabasamu. "Anti Yun, mtafsirie mama yake."

Vicheko vikaisha. Wote wakanigeukia, kwa wema kabisa.

Nuonuo pia aligeuka, magoti yake bado kwenye mto. Akanitazama, akatikisa kichwa. Kidogo sana. Usiseme.

Mtoto wa miaka saba, yuko magotini, ananisitiri.

Uongo mwingine ulikuwepo, mdogo, rahisi. Ningesema, "Anasema karibu chai." Ungepita. Nilifungua mdomo niutoe. Sijui mpaka leo kwa nini ulimi ule uliokuwa hodari mwaka mzima ulinigomea.

"Anasema," nikasema kwa Kiingereza, "Mama, tafadhali kunywa chai. Asante kwa kunizaa na kunilea."

Marva hakucheka. Akatazama ule mstari wa viti, mama mmoja mmoja. Akageuka akaona ile karatasi nyuma ya bega lake, maandishi asiyoweza kuyasoma. Akamtazama Nuonuo. Mtu anayeendesha basi miaka ishirini amezoea kusoma nyuso za watu upesi.

Sauti yake ikashuka. Sikuwahi kuisikia iko chini hivyo.

"Corinne, mpenzi. Mama yako si yule pale?"

Mwalimu Pei alikuwa ameinama karibu nao, kipaza sauti mkononi, hajakizima.

"Ni mchezo tu, Shangazi," Nuonuo akanong'ona kwa Kiingereza, na spika nne za ukumbi zikanong'ona naye. "Humu ndani yeye si mama yangu. Tukitoka nje anakuwa mama tena. Usiwaambie."

Mama Haoran alikuwa ameshika birika. Chai ilikuwa inamwagika kwenye kitambaa cha meza naye haoni.

Bibi aliyekuwa kando yangu alinigeukia polepole. Mkono wake, uliokuwa bado juu ya mkono wangu, akauondoa.

Marva akainuka kutoka kwenye kile kiti. Akasimama kando yake, akaacha kiti kitupu, mkono mmoja juu ya kichwa cha mwanangu. Kwa mkono mwingine akanyoosha kikombe mbele, kuelekea ukutani nilipokuwa.

"Chai hii si yangu," akasema. "Mwenyewe aje aichukue. Inapoa."

Nuonuo hakunitazama tena. Alikuwa anatazama kikombe.

Na mgongo wangu ulikuwa bado ukutani.